Dr. John Murphy: Jina lake bado linatajwa kwenye chumba cha ultrasaundi

Msikilizaji, tulipozungumza kwenye kipindi cha asubuhi kuhusu maumivu ya chini ya mbavu za kulia, swali moja lilirudi mara nyingi kwenye simu za wasikilizaji wa Ilomba na wa vijijini. Mtu amelazwa kitandani, amepakwa jeli tumboni, mtaalamu anakandamiza kile kichwa cha mashine ya ultrasaundi palepale panapouma, halafu anamwambia avute pumzi ndani. Pumzi inakatika kwa maumivu. Mtaalamu anaandika neno Murphy kwenye karatasi. Huyu Murphy ni nani?

Ni mtoto wa mkulima. John Murphy alizaliwa tarehe 21 Desemba 1857 karibu na mji wa Appleton, jimbo la Wisconsin, Marekani. Wazazi wake walitoka Ireland, ambako watu walikimbia njaa baada ya viazi kuoza mashambani. Kwa sisi wa Nyanda za Juu tunaolima viazi mviringo, maana ya jambo hilo haihitaji kuelezwa. Inasimuliwa kwamba shuleni aliona wenzake wana majina matatu na yeye ana mawili, akajiongezea la Benjamin. Tabia hiyo ya kutaka aonekane hakuiacha hadi kufa, na ilimletea maadui wengi.

Alihitimu udaktari Chicago mwaka 1879, akafanya kazi katika hospitali ya umma ya wilaya ya Cook, kisha akaenda Vienna kujifunza zaidi. Mei 1886 bomu lilirushwa kati ya polisi kwenye mkutano wa wafanyakazi katika uwanja wa Haymarket, Chicago, na yeye alikuwa miongoni mwa madaktari waliowashona majeruhi usiku ule. Baadaye alitoa ushahidi mahakamani, na jina lake likaingia magazetini. Madaktari wenzake walimwona anajitangaza. Mimi ninayekula kwa kusema redioni sitamhukumu sana kwa hilo.

Kilichowaudhi zaidi ni msimamo wake kuhusu kidole tumbo. Wakati huo wengi walisubiri hadi usaha ujae ndipo wapasue, na wagonjwa wengi walikufa wakisubiriwa. Kuanzia mwaka 1889 Murphy alisema mgonjwa apasuliwe mapema, kabla kidole hicho hakijapasuka. Alichekwa. Leo kupasua mapema ni tiba ya kawaida.

Kutoka hapo akaingia kwenye nyongo. Anayechinja kuku anakijua kile kifuko kidogo cha kijani kilichoshikamana na ini, ambacho mama hukitoa taratibu kisipasuke kikachachusha nyama. Binadamu naye anacho, mahali palepale chini ya ini. Ndani yake nyongo inaweza kuganda ikawa mawe. Jiwe likiziba mlango wa kifuko, nyongo hukwama, kifuko huvimba, na kuta zake huwaka kama jipu. Mwaka 1892 Murphy alitengeneza kifungo cha chuma chenye nusu mbili zinazobanana, alichokijaribu kwanza kwa mbwa. Kiliunganisha kifuko cha nyongo na utumbo bila kushona, kisha baada ya siku kadhaa kikatoka chenyewe na choo. Kilisambaa duniani kwa jina lake.

Lakini kumpasua mtu ni lazima kwanza ujue anaumwa nini, na enzi hizo hakuna mashine iliyoweza kuonyesha kifuko kilichovimba. Mwaka 1903 Murphy aliandika jinsi ya kukitafuta kwa mkono. Daktari anaingiza vidole chini ya mbavu za kulia na kumwambia mgonjwa avute pumzi. Hewa ikijaa mapafu, ini linasukumwa chini, na kifuko kinashuka pamoja nalo hadi kugusana na vidole. Kama ni kizima, mgonjwa anamaliza pumzi yake. Kama kimewaka, anakatisha katikati kama mtu aliyekanyaga mwiba. Hakuna gharama yoyote hapo, ni vidole na pumzi tu.

Umaarufu wake ulifika kileleni Oktoba 1912. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani aliyekuwa akigombea tena, alipigwa risasi ya kifua mjini Milwaukee, akahutubia kwanza ndipo akakubali kutibiwa. Alipelekwa Mercy, hospitali ya Murphy huko Chicago. Picha za eksirei zilionyesha risasi ilipo. Murphy aliona kuifuata ni hatari kuliko kuiacha, akaiacha, na Roosevelt akapona akiwa nayo mwilini. Nadhani hili linaonyesha uwezo wake kuliko upasuaji wowote alioufanya, maana kwa mtu aliyependa kuonekana, kukaa bila kupasua mbele ya waandishi wa nchi nzima si jambo dogo.

Alifariki tarehe 11 Agosti 1916 akiwa na miaka 58, mapumzikoni kwenye kisiwa cha Mackinac. Kabla ya kufa alieleza ni ugonjwa gani utakaokutwa kwenye mshipa mkubwa wa moyo wake. Mwili ulipochunguzwa, alikuwa sahihi.

Ultrasaundi ilianza kutumika hospitalini miaka ya 1950, Murphy akiwa ameshazikwa zamani. Wengine huiogopa wakidhani ina mionzi. Haina. Ni sauti kali mno ambayo sikio halisikii, inayorushwa mwilini na kurudi, kama unavyopiga kelele ukiuelekea mlima Loleza ukasikia mwangwi wako. Jiwe la nyongo huirudisha sauti yote, hivyo kwenye kioo linaonekana jeupe na nyuma yake kuna kivuli cheusi. Mtaalamu hutazama pia kama ukuta wa kifuko umezidi milimita 3, na kama kuna maji yamekizunguka.

Hata hivyo mawe peke yake hayatoshi kusema kifuko kimewaka. Wapo watu wengi wanaoishi na mawe bila kuumwa. Ndiyo maana mtaalamu anafanya alichofanya Murphy, ila badala ya vidole anatumia kichwa cha mashine: anakiona kifuko kwenye kioo, anakikandamiza hichohicho, na anasubiri wewe umwambie. Jibu lako ni sehemu ya kipimo. Ukikaza meno kwa ujasiri, au ukiona aibu kulalamika, unampotosha. Ukiwa umemeza au kudungwa dawa ya maumivu kabla ya kuja, mwambie, kwa sababu dawa inaweza kuificha dalili hiyo. Na kwa mgonjwa ambaye kifuko kimeanza kufa, maumivu yanaweza kupungua huku hali ikizidi kuwa mbaya.

Huku kwetu maumivu hayo huitwa haraka vidonda vya tumbo, na mtu anaweza kunywa dawa za duka miezi mingi. Ya nyongo mara nyingi huja baada ya chakula cha mafuta, hukaa saa kadhaa, na huweza kupanda hadi bega la kulia. Kina mama hupata mawe zaidi ya wanaume, na watoto wenye selimundu nao hupata wakiwa bado wadogo.

Kama umepangiwa kipimo, kaa bila kula kwa saa 6 hadi 8 ili kifuko kijae kionekane vizuri. Maana ukila, kinajikamua. Lakini kama maumivu yameambatana na homa, kutapika au macho kuwa ya njano, usingoje siku ya miadi. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na wao watakuandikia rufaa ikihitajika.