Bwana Afya Aliyemzaa Bwana Msa: Maisha ya Muhammed Said Abdulla

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu hivi sasa, safari hii nawaletea maisha ya mtu ambaye hakusoma katika shule yetu wala hakuzaliwa chini ya Mlima Meru. Hata hivyo, hapana shaka kwamba aliishi nasi bwenini kwa miaka mingi. Huyo ni marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mtunzi wa hadithi za Bwana Msa.

Waliokuwa hapa miaka ya sabini watakumbuka vitabu vyake vilivyozunguka kitanda hata kitanda, majalada yameng'oka, kurasa za mwisho zimeshikizwa kwa uzi. Usiku wa mwezi wa Julai, baridi ya Meru ikishuka na ukungu wake, mwenye zamu ya kusoma alijifunika blanketi gubigubi na tochi yake, na wenzake wakamsubiri amalize. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kumwambia mwenzio nani muuaji kabla hajafika mwisho. Tulimjua sana Bwana Msa, lakini wachache kati yetu tulijiuliza aliyemtunga alikuwa nani.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mji unaojulikana mpaka leo kwa sherehe zake za Mwaka Kogwa. Makunduchi ni mahali penye mila nzito. Mtoto aliyekulia huko alisikia habari za mizimu, za waganga, na za Giningi, yale makao ya wachawi ambayo watu wa Unguja husimuliana tangu kale. Hiyo ilikuwa shule yake ya kwanza, nayo iliingia baadaye katika vitabu vyake, ingawa si kwa namna ambayo mtu angetazamia.

Alimaliza masomo yake mwaka 1938, akaajiriwa katika idara ya afya kuwa mkaguzi. Sisi watu wa bara tungemwita Bwana Afya. Kazi hiyo aliifanya kwa muda wa miaka kumi hivi. Tusiipite upesi, maana naamini ilimfunza mengi. Bwana Afya ni mtu wa kuingia nyua za watu. Hutazama kisima, choo na mitungi ya maji. Hawezi kuridhika na maneno ya mwenye nyumba peke yake. Lazima afunue kifuniko atazame ndani. Tena hujifunza kwamba maradhi ambayo jirani wote wanasema yametokana na jicho baya huenda yametokana na maji machafu.

Mwaka 1948 aliiacha kazi hiyo akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Kijana wa leo huenda asione ajabu yake. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisemea upande wa Waafrika. Zilikuwa nyakati za siasa kali Unguja, watu wakigawanyika mpaka katika maduka na barazani. Mtu aliyefanya kazi katika vyumba hivyo vyote aliyasikia madai ya kila upande. Hapo ndipo alipopata sikio lake la mazungumzo: namna tajiri anavyosema, namna mtumishi anavyosema mbele ya tajiri, na namna anavyosema tajiri akiisha ondoka.

Sasa tuje kwenye chanzo kingine cha utunzi wake, nacho kilitoka mbali. Mskoti mmoja, Arthur Conan Doyle, aliyesomea udaktari katika mji wa Edinburgh, alianza mwaka 1887 kuchapisha habari za mpelelezi aitwaye Sherlock Holmes. Alimfananisha na mwalimu wake, Daktari Joseph Bell, aliyekuwa hodari wa kumtambua mgonjwa kwa kumtazama tu kabla hajasema neno. Hadithi hizo zilienea dunia nzima. Muhammed Said Abdulla alizipenda, na hakuficha alama zake. Bwana Msa huvuta kiko kama Holmes. Anaye mwenzake Najum, kama Holmes alivyokuwa na Daktari Watson. Yupo pia Inspekta Seif wa polisi, ambaye naye humhitaji Bwana Msa mambo yanapokuwa magumu. Hata jina si fumbo kwa mwenye macho: M, S na A ni herufi za kwanza za jina la mtunzi mwenyewe.

Je, aliiga? Wako waliosema hivyo, na wanafunzi wengi wa fasihi wamepewa swali hilo katika mtihani. Jibu langu ni kwamba aliazima chungu akapika chakula chake mwenyewe. Holmes anaishi London, mji wa watu wasiojuana, na humtambua mgeni kwa tope la viatu vyake. Unguja ni kisiwa, kila mtu anamjua mwenziwe, au anadhani anamjua. Kwa hiyo Bwana Msa hana budi kufahamu siri za ukoo, ndoa, talaka na urithi: nani mtoto wa nani, nani alilelewa na nani, na kwa nini jambo fulani halizungumzwi. Husikiliza zaidi kuliko anavyopima nyayo. Na mambo hayo yote yamesemwa kwa Kiswahili cha Unguja chenye mizaha na methali. Kwetu sisi, ambao wengi tulitoka nyumbani tukisema Kimeru, Kiarusha au Kichaga, kitabu cha namna hiyo kilitufundisha lugha bila ya sisi kujua kwamba tunafundishwa.

Mlango wake wa kutokea ulifunguliwa na mashindano. Mnamo 1957 na 1958 East African Literature Bureau, shirika la vitabu la nchi zetu tatu, liliendesha mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili. Muhammed Said Abdulla akapeleka Mzimu wa Watu wa Kale, akashika nafasi ya kwanza. Kitabu kilichapishwa mwaka 1960, naye ana umri wa zaidi ya miaka arobaini. Watu wa Arusha tuna sababu ya kulikumbuka shirika hilo, kwani baadaye lilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa mjini kwetu tangu 1967 mpaka ilipovunjika mwaka 1977.

Wakati huo alikwisha kupata kazi nyingine. Mwaka 1958 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 1968. Kwa hiyo mtunzi wa mauaji na mafumbo alipata riziki yake kwa kuhariri habari za mbegu na mbolea, kwa ajili ya watu kama wazazi wetu wa kahawa na migomba. Wale wanaongoja wapate nafasi kamili ndipo waandike, na waitafakari habari hiyo.

Tena hesabuni miaka yake ya kazi. Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka ule ule aliostaafu, 1968. Kisha zikaja Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Vitabu vinne katika miaka minne, mwandishi akiwa na miaka hamsini na kitu! Kosa la Bwana Msa lilifuata mwaka 1984. Alifariki dunia mwaka 1991.

Si kila mtu aliyempongeza. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na baada yake waandishi wa nchi yetu walitazamiwa waandike juu ya Ujamaa, unyonyaji na kazi. Vitabu vya upelelezi vilionekana na baadhi ya wahakiki kuwa ni vya kupitishia wakati. Yeye alilaumiwa hasa kwa kuwa Unguja ya vitabu vyake ni ile ya kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964, yenye mabwana, mashamba na watumishi, kana kwamba hakuna lililobadilika. Lawama hiyo ina ukweli wake, nasi hatuna haja ya kumtetea kwa kila jambo. Msomaji atafuteye mapambano ya wakulima hatayapata humo.

Lakini kuna jambo ambalo naona lilipitwa na lawama hizo. Angalieni tena majina ya vitabu viwili vya kwanza: kimoja kinataja mzimu, kingine kinataja Giningi. Mtoto wa Makunduchi alichukua vitisho vya utoto wake akaviweka mbele ya mlango. Watu hushikwa na hofu, wananong'ona, wanatupa lawama kwa pepo. Ndipo anapofika Bwana Msa, anakaa, anawasha kiko chake, anauliza maswali. Mwishowe linaonekana jambo la kibinadamu: tamaa, wivu, au siri ya zamani. Hivi ndivyo Bwana Afya alivyotenda mbele ya kisima. Alifunua kifuniko akatazama.

Mimi mwenyewe niliona faida yake katika chumba chetu. Mwaka mmoja fedha za ada za mwenzetu zilipotea. Baadhi yetu walitaka aitwe mganga, wengine walikwisha kumnyoshea kidole kijana aliyekuwa maskini kuliko wote, kwa sababu hiyo tu. Mmoja wetu, msomaji mkubwa wa Bwana Msa, akamwomba mwenye fedha aeleze siku yake yote, hatua kwa hatua, na koti alilovaa. Tundu la mfuko likapatikana, na fedha zikatolewa ndani ya bitana ya koti lile lile. Yule kijana tuliyetaka kumwadhibu ni mhitimu mwenzetu, na tukikutana hatulizungumzi jambo hilo. Nalitaja leo kwa sababu sitaki tulisahau.

Katika nchi yetu wazee wa watu, hasa akina mama, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, bila ushahidi wowote ila macho mekundu na maneno ya jirani. Kwa hiyo mtu anayemzoeza kijana kuuliza kabla hajahukumu hakupoteza wakati wake, hata kama alimfanya acheke na kukesha.

Ndugu wahitimu, wengi wetu tuna vitabu hivyo vimelala masandukuni. Tukija kwenye mkutano wetu tuvichukue, hata vile vilivyoshonwa kwa uzi, tuvipeleke maktaba ya shule. Nanyi vijana, mkivisoma, ugomvini kuhusu mwandishi huyu mna ruhusa ya kuwa upande wowote. Ila msimwambie mwenzenu nani muuaji kabla hajafika mwisho.