Seve Ballesteros: mtoto wa mfugaji aliyetamba Nairobi akiwa safarini

Bweyeye haina kiwanja cha gofu. Sekta hiyo ya wilaya ya Rusizi imebanwa kati ya msitu wa Nyungwe na mpaka wa Burundi, na anayepanda na kushuka huko na mzigo kichwani anajua kwamba ardhi tambarare ni ya kutafuta. Lakini maisha ya Severiano Ballesteros, Mhispania aliyekuja kuwa bingwa wa mchezo huo, hayatamshangaza mtu wa Bweyeye, kwa sababu yalianzia zizini.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 huko Pedreña, kijiji cha pwani kaskazini mwa Hispania. Baba yake alikuwa mkulima mwenye ng'ombe wachache. Shamba lao lilipakana na kiwanja cha gofu cha matajiri, na watoto wa kijiji walipata senti kwa kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo. Kubeba waliruhusiwa. Kucheza, hapana. Mjomba wake, Ramón Sota, na kaka zake watatu walitokea mlango huo huo wa wabeba mifuko hadi wakawa wachezaji wa kulipwa.

Seve alipokuwa na miaka kama minane, kaka yake Manuel alimpa fimbo moja kuukuu ya chuma, namba 3. Mchezaji wa kawaida hubeba hadi fimbo 14, kila moja na kazi yake: ya kupiga mbali, ya kuinua mpira, ya kuutoa mchangani. Kijana alishuka ufuoni na hiyo moja, akailazimisha ifanye kazi ya zote. Usiku wa mbalamwezi alipenya kiwanjani kwa kuiba, akapiga mipira ambayo hakuweza kuiona ikianguka. Alijua ilikokwenda kwa mlio tu. Mikwaju ya ajabu ambayo baadaye watu walilipa kuitazama aliipata huko, kwa kukosa vifaa.

Mwaka 1974, akiwa na miaka 16, alianza kucheza kwa malipo. Miaka miwili baadaye aliongoza mashindano makuu ya Uingereza kwa siku tatu, akamaliza wa pili sawa na Jack Nicklaus.

Mwaka 1978 safari zake zilimfikisha Nairobi, kwenye mashindano ya wazi ya Kenya katika kiwanja cha Muthaiga. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko pwani. Mtu aliyejifunza ufuoni lazima apime upya kila fimbo, kama mfanyabiashara aliyevuka mpaka anavyopiga upya hesabu ya kila bei kwa sarafu ya upande wa pili. Seve alipima, akashinda. Mwaka huo huo alishinda pia Marekani na Japan, na alikuwa amefikisha miaka 21 tu.

Mwaka 1979 alitwaa ubingwa wa Uingereza. Siku ya mwisho mpira wake ulitua kwenye maegesho ya magari. Akautoa hapo na bado akalimaliza shimo hilo kwa pigo moja pungufu. Wapo waliodai ni bahati. Mwaka uliofuata akawa mtu wa kwanza kutoka Ulaya kushinda Masters ya Marekani, akairudia 1983, kisha akaongeza ubingwa wa Uingereza 1984 na 1988. Bahati gani hiyo ya mara tano?

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa wa bei. Waandaaji wa Ulaya waliwalipa Wamarekani fedha za kuja tu, lakini wanachama wa nyumbani walikatazwa kuzipokea. Seve, ambaye jina lake ndilo lililouza tiketi, aliona hiyo ni dhuluma, akagoma. Mwaka 1981 aliachwa nje ya timu ya Ulaya ya Kombe la Ryder, na timu hiyo ikachapwa vibaya na Wamarekani. Alikuwa na ukaidi, ni kweli, na maofisa wengi walimchoka. Lakini kwenye hesabu alikuwa sahihi.

Marekani nayo ilimwekea sharti: acheze mashindano yasiyopungua 15 kwa mwaka, au afungiwe. Yeye alitaka soko la huko bila kulitupa la kwao. Hakutimiza idadi, akafungiwa msimu wa 1986, isipokuwa New Orleans alikokuwa bingwa mtetezi. Wakati huo alikuwa amekwisha kurudi kwenye timu ya Ulaya, na 1985 wakawashinda Wamarekani kwa mara ya kwanza tangu 1957, mwaka aliozaliwa. Mwaka 1987 wakawafunga huko huko kwao, jambo lililokuwa halijawahi kutokea.

Mkwaju unaosimuliwa zaidi aliupiga mwaka 1993 huko Crans, kiwanja cha milimani Uswisi, chenye urefu wa karibu mita 1,500 juu ya bahari. Shimo la mwisho, mpira ukiwa karibu na ukuta, matawi juu yake. Msaidizi wake alimsihi autoe pembeni. Seve aliupitisha juu ya ukuta, katikati ya miti, kisha kwa pigo lililofuata akautumbukiza shimoni. Hakushinda mashindano hayo, lakini kibao cha kumbukumbu kiliwekwa pale.

Mgongo ulimsumbua miaka mingi, akastaafu 2007. Oktoba 2008 alianguka uwanja wa ndege wa Madrid. Madaktari wakakuta uvimbe kwenye ubongo. Alipasuliwa mara nne. Alifariki nyumbani Pedreña tarehe 7 Mei 2011, akiwa na miaka 54, na ushindi 50 kwenye mashindano ya Ulaya, idadi ambayo hakuna aliyeifikia kabla yake. Kiwanja cha Pedreña bado ni cha wanachama. Ufuo ulio chini yake ni wa yeyote.