Mwalimu Nyerere na Amri za Ardhi

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1954 alichaguliwa kuongoza TANU.

Wakati huo wakoloni walitoa amri nyingi za kuhifadhi ardhi. Usukumani watu walilazimishwa kupunguza ng'ombe. Uluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Mwaka 1955 Waluguru walikataa. Askari walipiga risasi, mtu mmoja akafa. Wengi waliochukia amri hizo walijiunga na TANU.

Kumbe kuchimba mlima si jambo baya. Hapa Litembo wazee walichimba ngoro kabla ya mkoloni kufika, wala hawakuamriwa na bwana shamba.

Kufikia Uhuru wa 1961 amri nyingi kati ya zile zilikuwa zimeachwa. Lakini mvua iliendelea kubeba udongo. Kondoa ilijaa makorongo. Sasa Mwalimu ndiye aliyekuwa Serikali. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika ardhi iliyoharibika ya Kondoa. Wafugaji waliumia sana. Majani na miti vilirudi.

Mwalimu aliacha urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London mwaka 1999, akazikwa kwao Butiama.