Thoreau na kobe wa mtoni

Wadau, wengi tunamjua Henry David Thoreau kwa kugoma kulipa kodi akalala lupango mwaka 1846. Mie nimemzimikia kwa kobe! Alizaliwa 1817 Concord, Marekani, mji mdogo wenye mito. Kobe wa hapo alikuwa anawafuatilia kama mpelelezi: wanakula na kujificha majini, lakini Juni majike wanapanda kwenye mchanga mkavu kutaga. Mchanga ukizolewa, mto peke yake hauwasaidii kitu. Mwaka 1847 alimpelekea mwanasayansi Louis Agassiz kobe wa kuchunguza. Halafu Agosti 1854, mwezi uleule kitabu chake Walden kilipotoka, akaua kobe mmoja kwa ajili ya sayansi. Jamani, roho ilimsuta, akajiona muuaji. Kifua kikuu kilimmaliza 1862, miaka 44 tu.