Mary Ainsworth

Mary Dinsmore Salter Ainsworth (Glendale, Ohio, 1 Desemba 1913 – Charlottesville, Virginia, 21 Machi 1999) alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani aliyekulia Kanada. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya mshikamano, yaani kifungo cha upendo kinachojengeka kati ya mtoto mchanga na mlezi wake. Vitabu vingi humtaja kwa jaribio alilobuni huko Baltimore, lakini kazi yake ya kwanza juu ya jambo hilo ilifanyika Uganda, katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala.

Maisha ya awali

Alikuwa binti wa kwanza kati ya watatu. Mwaka 1918 familia yake ilihamia Toronto, naye akasoma saikolojia katika chuo kikuu cha mji huo hadi kupata shahada ya uzamivu mwaka 1939. Mwalimu wake William Blatz alifundisha kwamba mtoto huthubutu kujifunza mambo mapya akiwa na uhakika wa wazazi wake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la wanawake la Kanada na kufikia cheo cha meja.

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London. Huko alifanya kazi katika kliniki ya Tavistock chini ya John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili aliyechunguza madhara ya kumtenga mtoto na mama yake. Bowlby alianza kudai kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kuwa karibu na mlezi. Ainsworth hakukubali: kama wataalamu wengi wa wakati ule, aliamini mtoto humpenda mama kwa sababu ndiye anayemlisha.

Uganda

Mwaka 1954 mume wake alipata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, na Mary akapata nafasi ya kufanya utafiti wake. Ilikuwa miaka migumu katika Buganda, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilikuwa imempeleka Kabaka Mutesa II uhamishoni Uingereza.

Alikusudia kuchunguza desturi ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi yake. Alipofika aligundua kwamba familia nyingi zimeiacha. Basi akaamua kuangalia tu jinsi watoto wanavyoishi na mama zao. Kwa miezi kadhaa alitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28, kila baada ya wiki mbili, kwa takriban saa mbili, akifuatana na mkalimani. Alikwenda alasiri, wakati wanawake walipozoea kupokea wageni sebuleni.

Aliyoyaona yalimbadilisha. Watoto hawakungoja tu kulishwa. Walimfuata mama kwa kutambaa, walilia alipotoka, walimshangilia aliporudi, na walienda kuchezea vitu mbali naye kisha wakarudi mapajani. Watoto 16 aliwaona kuwa na mshikamano wenye usalama, 7 walikuwa na wasiwasi wakilia hata mama akiwepo, na 5 hawakuonyesha bado mshikamano. Kunyonyeshwa kwa ratiba au kila mtoto alipotaka hakukueleza tofauti hizo. Mama walioweza kumsimulia mtoto wao kwa undani ndio waliokuwa na watoto watulivu zaidi. Matokeo yalitoka katika kitabu mwaka 1967, zaidi ya miaka kumi baadaye.

Baltimore

Kuanzia mwishoni mwa 1955 aliishi Baltimore, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960. Katika miaka ya 1960 alirudia utafiti wake kwa familia 26 za Marekani, akizitembelea nyumbani tangu mtoto alipokuwa na wiki chache hadi kufikia mwaka mmoja.

Watoto hao walizoea mama kutoka na kuingia, hivyo hawakuonyesha nyumbani yale yaliyokuwa wazi kwa watoto wa Kiganda. Kwa sababu hiyo yeye na Barbara Wittig walibuni jaribio la dakika 20 hivi: mtoto yuko katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, mgeni anaingia, mama anatoka mara mbili na kurudi. Linaloangaliwa zaidi ni jinsi mtoto anavyompokea mama anaporudi. Ainsworth mwenyewe alisikitika kwamba wengi waliofuata walichukua jaribio na kuacha ziara ndefu za nyumbani.

Wakosoaji walisema pia kwamba chumba kile hakifai kila mahali. Nchini Kenya, watafiti waliolitumia kwa Wagusii waliona watoto wakitarajia kupewa mkono, si kukumbatiwa, mama anaporudi. Ilibidi wapime pia mshikamano wa mtoto na yaya, ambaye mara nyingi alikuwa mtoto mkubwa wa familia.

Katikati ya miaka ya 1970 alihamia Chuo Kikuu cha Virginia, akastaafu mwaka 1984. Hakujaliwa watoto, ingawa aliwatamani.