JOY ADAMSON: MAMA ALIYEMLILIA SIMBA

Leo tumwangalie Joy Adamson. Wengi mnamjua kwa ile filamu ya Born Free ya mwaka 1966, ya simba jike anayeitwa Elsa. Sasa filamu inaishia kwenye raha. Yaliyompata huyu mama Elsa alipokufa hayamo mle.

Joy alizaliwa 1910 katika mji wa Troppau, ambao siku hizi unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Czech. Kenya alifika 1937. Alikuwa mchoraji hodari, alichora maua na baadaye watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao ya jadi. Ndoa yake ya tatu, 1944, ilikuwa na George Adamson, afisa wanyamapori wa kule kaskazini. Mtoto hakujaliwa.

Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemjia juu. Kumbe mama wa watu alikuwa analinda watoto wake watatu! George akawabeba mpaka nyumbani. Walipokua, wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Yule mdogo kuliko wote akabaki, ndiye Elsa. Alilelewa kama mtoto wa pale nyumbani, halafu wakamfundisha kuwinda na kumwachia porini Meru. Desemba 1959 akazaa watoto watatu: Jespah, Gopa na Elsa Mdogo. Mwaka 1960 kitabu kikatoka, dunia nzima ikamjua.

Tarehe 24 Januari 1961 Elsa akafa, hata miaka mitano hajamaliza. Ni ugonjwa unaoletwa na kupe, unaoharibu damu. George alikuwa naye usiku ule. Joy alikuwa Nairobi, na alipofika alikuta kaburi tu. Jamani, aliyewahi kufiwa akiwa mbali anaelewa hilo linavyouma, awe amefiwa na mtu au na mbwa wake.

Na nafasi ya kukaa chini alie hakuipata. Watoto wa Elsa walikuwa na mwaka mmoja na kidogo, kuwinda hawajui vizuri, wakaanza kula mbuzi za wananchi wa jirani. Wenye mbuzi walikasirika, na mimi siwalaumu, mbuzi ndiyo benki ya mtu. Ikabidi simba wale wakamatwe na kuhamishiwa kwetu Tanganyika, mbuga ya Serengeti, mwaka huohuo 1961. Jespah alikuwa na ncha ya mshale mwilini. Joy alitaka abaki awatunze, wakubwa wa hifadhi wakakataa. Basi akawa anarudi kama mtalii wa kawaida, anazunguka na gari anawatafuta. 

Mimi naona hiki ndicho kilichomtesa zaidi. Elsa alikuwa na kaburi, lina mawe, anaweza kwenda kukaa pale. Wale watatu mwisho wao hakuujua, sasa utalia vipi, au utaacha vipi kutafuta?

Alichofanya ni kuandika. Vitabu viwili vingine vya Elsa na watoto wake vilitoka 1961 na 1962, na pesa nyingi za vitabu akazitia kwenye hifadhi ya wanyama. Baadaye akapewa duma, Pippa, naye akamzoeza maisha ya porini hukohuko Meru. Pippa akavunjika mguu, akafa 1969. Joy akazika tena. Wengine wangesema imetosha, yeye akaanza upya na chui, Penny, huko Shaba.

Tusimfanye malaika lakini. Kwa watu alikuwa mgumu, aligombana na wafanyakazi, na hata George mwishoni waliishi mbalimbali. Wanaosema aliwapenda wanyama kuliko binadamu hawajamsingizia sana.

Tarehe 3 Januari 1980 alikutwa amekufa karibu na kambi yake ya Shaba, akiwa na miaka 69. Mwanzoni ilitangazwa kwamba ameuawa na simba. Uongo mtupu! Yalikuwa majeraha ya silaha, na mahakama ilimtia hatiani kijana aliyewahi kumfanyia kazi.

Mwili wake ulichomwa, majivu yakapelekwa Meru na kugawanywa, mengine kwenye kaburi la Elsa, mengine kwa Pippa.