Askofu Frank Weston

Frank Weston alizaliwa London katika mwaka 1871. Alisoma elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1898 akavuka bahari kuja Unguja. Huko akafundisha Kiungani, katika chuo cha vijana wa Kiafrika waliojifunza kuwa walimu na mapadre. Alikuwa angali Kiungani kitabu chake kilipopigwa chapa mwaka 1907. Kitabu hicho kilieleza jambo gumu sana, yaani jinsi Kristo alivyo Mungu na tena ni mtu.

Jambo hilo ni la kale. Mwaka 451 maaskofu walikusanyika Kalkedonia, wakathibitisha ya kuwa Kristo ni mmoja mwenye asili mbili, ya Uungu na ya utu, zisizochanganyika wala kutengana. Hata hivyo watu waliuliza jinsi Mungu ajuaye yote alivyoweza kujifunza kama mtoto, na kuona njaa na uchungu wa kufa. Wengine katika siku za Weston walijibu ya kuwa aliuvua uwezo wake wa Kimungu kabla ya kuzaliwa. Weston hakukubali. Alifundisha ya kuwa Mwana wa Mungu hakupoteza kitu, bali alijiwekea mpaka kwa hiari yake, akaishi kwa kadiri utu wake ulivyoweza kuchukua. Ndivyo afanyavyo baba atembeapo na mtoto mdogo: hupunguza mwendo wake. Nguvu zake zipo, lakini amezizuia kwa ajili ya upendo.

Mwaka 1908 Weston akawa Askofu wa Unguja. Uaskofu wake ulifika hata bara, Magila na Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Juu milimani, Mlalo na Vuga, walifundisha wamisionari wa Bethel waliotoka Udachi.

Vita vilipokuja, mwaka 1916 aliongoza wapagazi wa Unguja, akaenda bara pamoja nao. Baada ya vita, walowezi wa Kenya walitaka watu washurutishwe kufanya kazi katika mashamba yao. Mwaka 1920 Weston akaandika kitabu kidogo kulipinga jambo hilo. Wengine nao wakapinga, hata mwaka 1921 serikali ya Uingereza ikawakataza maofisa wake kuwatafutia walowezi wafanya kazi.

Mwaka 1923, katika mkutano mkubwa London, aliwaonya Wakristo ya kuwa kumwabudu Kristo altareni ni bure, wakimdharau katika maskini. Kwake yeye fundisho la kitabu na shauri la wapagazi vilikuwa kitu kimoja. Ikiwa Mungu ameutwaa utu wetu kweli, basi hapana mtu wa kudharauliwa.

Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924.